Njugu iliyosinyaa haifai uji wa mtoto

JUZI nilipita kwa nyanya mmoja hapa Sori, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Migori, nikamkuta uani amepakata ungo akichagua njugu karanga. Mbele yake palikuwa na marundo mawili. La kwanza lilikuwa la njugu nene zenye ngozi laini, na hizo, aliniambia, zilikuwa za mnunuzi wa kuzipeleka Kisumu. La pili lilikuwa la njugu zilizokunjamana, nyingine zimebadilika rangi.

"Hizi, daktari, ni za uji wa wajukuu," akasema. "Chakula hakitupwi."

Nilivuta kigoda nikaketi. Na wewe msomaji uliye mjini usidhani jambo hili halikuhusu, kwani njugu inayosagwa huwezi kujua ilitoka rundo lipi. Ukishainunua ikiwa unga wa uji au siagi, ushahidi umepotea.

Ili kufahamu kwa nini njugu moja hunenepa na nyingine husinyaa, sharti turudi shambani. Ua la njugu, ambalo ni la manjano, hufunguka alfajiri, hujichavusha lenyewe na kunyauka siku hiyo hiyo. Kisha kikonyo chembamba mithili ya sindano huchomoza pale palipokuwa na ua, huinama na kujichimbia udongoni, kikibeba ncha ambayo ndiyo mbegu ya kesho. Kisipofika gizani, hakuna njugu. Kikishafika kiasi cha sentimita tano chini, ncha hulala ubavu na ganda huanza kuumbika.

Ganda ndilo linalotangulia kukua. Ukiling'oa mapema utakuta limetimia ukubwa, lakini ndani mna nyama nyeupe laini kama sifongo na mbegu ndogo yenye maji tele. Ndipo kazi ya kujaza ghala huanza. Majani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuituma kupitia kikonyo kile kile. Mbegu huigeuza sehemu kubwa ya sukari hiyo kuwa mafuta, na kuyahifadhi katika vitone vidogo mno, kila kimoja kimevikwa utando wenye protini ili visiungane. Protini nayo huundwa na kupangwa katika vifuko vyake. Kazi hii huchukua takriban miezi miwili tangu kikonyo kuingia ardhini, na mbegu inavyojaa, ile sifongo hupungua na ukuta wa ndani wa ganda hugeuka kuwa wa kahawia. Wakulima hupasua maganda machache na kutazama rangi hiyo kabla ya kuvuna.

Akiba yote huwekwa katika yale mapande mawili unayoyatenganisha kwa vidole. Mche wenyewe ni kile kijichipukizi kilicho baina yao. Kahawa, ambayo majirani zetu wa milima ya Kisii huipanda, hufanya vingine. Kichanga cha mche wake ni kidogo sana, na akiba hubaki nje yake ikimzunguka. Hiyo akiba ndiyo tunayoikaanga na kuisaga, na mbegu ya kahawa huchukua miezi saba hadi tisa kukomaa.

Njugu iliyojaa sawasawa ni karibu nusu mafuta na robo protini. Konzi ya gramu 30 ina protini inayozidi kidogo ile ya yai moja. Ndiyo sababu mwaka 1996 wataalamu wa Ufaransa walipotafuta chakula cha kumwokoa mtoto aliyekonda kwa utapiamlo, walichagua siagi ya njugu wakaichanganya na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti ya gramu 92 hutoa kalori 500, na haihitaji kupikwa wala kutiwa maji. (Hata hivyo, zile zile protini za akiba ndizo huwaletea watu wachache mzio mkali wa kufura koo. Na mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe njugu nzima, asije akapaliwa.)

Sasa tuje kwenye rundo la pili. Mbegu inaweza kukosa kujaa kwa sababu kadha. Moja ni upungufu wa kalsiamu, ambayo ganda huifyonza lenyewe moja kwa moja kutoka udongoni. Lakini linalotisha zaidi ni ukame wa majuma ya mwisho kabla ya mavuno, na mwambao huu wetu si mgeni wa mvua inayokatika mapema. Mmea ukikauka, sukari huacha kuteremka. Udongo nao hupata joto, na humo udongoni huishi kuvu iitwayo Aspergillus.

Mbegu hai yenye maji ya kutosha hujikinga dhidi ya kuvu kwa kutengeneza kemikali zake yenyewe. Ikipungukiwa na maji, uwezo huo huzimika, ilhali kuvu ingali inaweza kuendelea kumea. Kwa hiyo njugu iliyokunjamana mara nyingi ni ghala lililoachwa nusu tupu na mlinzi amekwisha kulala. Kuvu huingia na kuacha sumu ya aflatoksini. Njugu ikivunwa bila kukaushwa vyema, au ikirashiwa maji ili ibanguke kwa urahisi kama wafanyavyo baadhi ya watu, sumu huzidi kuongezeka ghalani.

Sumu hii huumiza ini. Mwaka 2004, katika eneo la Mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yaliyoingia kuvu yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, husababisha saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Watoto wetu hukingwa na virusi hivyo kwa chanjo ya majuma ya 6, 10 na 14. Wewe mtu mzima ambaye hujui hali yako, omba upimwe.

Kuchemsha hakuiondoi. Kukaanga huipunguza tu. Haina harufu wala ladha ya kukuonya. Kinachosaidia sana ni kazi aliyokuwa akiifanya yule nyanya, yaani kuchagua, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika njugu chache zilizosinyaa, zilizovunjika au kuota ukungu. Basi nunua njugu nzima, uzichague mwenyewe mbele ya dirisha lenye mwanga, kisha ndipo uzipeleke kusagwa. Ile inayokuwa chungu mdomoni iteme. Mimi siagi isiyo na alama ya ubora siinunui, hata iwe rahisi namna gani.

Nyanya alinisikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa imetulia ungoni. Kisha akauliza, "Na kuku je, siwezi kuwapa?"

Nikamweleza kwamba sumu hii iligunduliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya njugu yaliyokuwa na kuvu. Kuku nao huathirika, na mbuzi akila, sumu hupitia katika maziwa.

Akalitazama lile rundo kwa muda. Halafu akamwita mjukuu alete jembe, achimbe shimo nyuma ya nyumba.