MSAADA UKISHINDWA USIFICHWE



Mara nyingi katika kurasa hizi tumezungumza juu ya mishahara, mikataba na usalama kazini. Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo sisi watu wa Mocímboa da Praia tunalijua vizuri, nalo ni misaada inayotolewa na makampuni. Tunasema mapema kwamba hatupingi misaada. Tunachouliza ni hiki: msaada ukishindwa, nani anasema, na nani anabeba hasara?

Tuanze na sisi wenyewe. Kabla ya vita, kampuni moja, ambayo hatutaitaja, iliwaletea wavuvi wetu mashine ya barafu. Siku ya kukabidhiwa ngoma zilipigwa, na sisi viongozi tulikaa viti vya mbele. Hakuna aliyeuliza dizeli itanunuliwa na nani, wala spea zitatoka wapi. Tuliwashawishi akina mama wanaouza samaki watoe michango ya kuiendesha. Baada ya miezi michache mashine ikafa, na michango ikafa nayo. Wafadhili waliporudi kupiga picha, tuliiosha mashine, tukaipaka rangi, tukasimama mbele yake tukicheka. Akina mama walitutazama tu, wasiseme neno. Kosa letu la kwanza lilikuwa kutouliza. La pili lilikuwa uongo, na hilo la pili ndilo lililotupotezea imani ya watu.

Ndugu, mtego huu hauwanasi wadogo peke yao. Mwaka 2006, huko New York, ulitangazwa mpango mkubwa wa kuleta maji vijijini katika nchi za Afrika, Msumbiji ikiwamo. Mmoja wa wafadhili wake wakubwa alikuwa shirika la hisani la Case Foundation, lililoanzishwa na Steve Case, mmoja wa waasisi wa kampuni ya America Online, pamoja na mkewe Jean. Zikaahidiwa dola milioni 16.4, na shabaha ikawa pampu 4,000 ifikapo 2010. Pampu yenyewe iliitwa PlayPump. Watoto walipanda gurudumu la kuchezea, wakilizungusha maji yanapanda kwenye tangi. Kuta za tangi zilikodishwa kwa matangazo ya biashara, na fedha hizo ndizo za matengenezo.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Lakini watoto huenda shule, na huchoka. Wanaochota maji ni akina mama, na wao ndio waliobaki kulisukuma gurudumu zito kwa mikono. Na mfanyabiashara gani atalipia tangazo katika kijiji ambacho watu hawana fedha ya kununua? Pampu zikaharibika, mafundi hawakuja. Mahali pengine pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa imekwisha kung'olewa ili kuipisha hiyo mpya. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu. Ili pampu moja iwatosheleze watu 2,500 kama ilivyoahidiwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kila siku. Siku nzima ina saa 24.

Lakini kuna jambo moja la kusifu. Mwaka 2010 Jean Case aliandika hadharani kwamba mpango wao haukufikia shabaha. Matajiri wengi wangenyamaza na kuhamia kwenye mradi mwingine. Kukiri kwake kuliwasaidia wengine wasirudie. Hata hivyo tuangalie hasara iligawanyika vipi. Mfadhili alipoteza fedha alizoweza kuzikosa. Mama wa kijijini alipoteza maji ya siku hiyo.

Sasa turudi kwetu Cabo Delgado. Mji wetu ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 ulitekwa pamoja na bandari, na ukakombolewa Agosti 2021. Katikati yake, tarehe 24 Machi 2021, Palma ilishambuliwa, na wafanyakazi wa makampuni ya kandarasi walikuwa miongoni mwa waliokwama. Mwezi Aprili kampuni ya TotalEnergies ikasimamisha mradi wa gesi wa Afungi.

Baadaye kampuni hiyo ilimwomba Jean-Christophe Rufin, daktari aliyepata kuwa rais wa shirika la Action contre la Faim, aje achunguze. Ripoti yake ilitangazwa Mei 2023. Alishauri uhusiano wa moja kwa moja kati ya mradi na jeshi ukomeshwe, na kazi za maendeleo zisiishie kuzunguka Afungi bali zienee mkoa mzima. Kampuni ikatangaza kuunda wakfu wenye bajeti ya dola milioni 200, ukaitwa Pamoja Tunaweza. Mwishoni mwa 2025 ikatangaza kwamba sababu ya kusimamisha mradi imeondolewa.

Jina hilo ni la lugha yetu, na neno "pamoja" ni deni. Pamoja maana yake tuulizwe kabla, na tuambiwe baada. Kampuni inayoogopa kushindwa hujenga kile tu kinachopendeza kwenye picha. Sisi tunataka ithubutu: ijaribu vyama vya ushirika, ifundishe mafundi wa hapa hapa, imwamini mvuvi kwa mkopo. Majaribio mengine yatashindwa. Lakini anayethubutu athubutu kwa mali yake, si kwa maji wala kwa chakula cha wenzake.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, kitu cha zamani kisiondolewe mpaka kipya kithibitike. Pili, kila mradi utengewe fedha za matengenezo tangu mwanzo. Tatu, kila mwaka yatangazwe yaliyoshindwa pamoja na yaliyofaulu, kwa lugha tunazozisema, mbele ya wale waliohusika.

Na sisi chamani tutaanza. Katika mkutano wetu ujao tutawaeleza akina mama wauza samaki habari yote ya ile mashine, hesabu ya michango yao ikiwa mezani. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Umoja ni nguvu.