"Kuonyesha" na "Kuthibitisha" katika Ripoti za Picha za Mifupa

Miongoni mwa maandishi ya hospitali yanayopasa kufasiriwa, ripoti za picha za mifupa zahitaji uangalifu wa pekee, hasa ugonjwa unaoshukiwa uwapo limfoma ya mfupa, yaani saratani ya chembe za kinga inayokaa katika uboho.

Chembe hizo huweza kuujaza uboho kabla ya kuubomoa mfupa. Eksirei huuona mfupa mgumu, si uboho. Kasoro kwa kawaida haijitokezi mpaka asilimia 30 hadi 50 ya madini ya mahali hapo iwe imepotea. Kwa hiyo "picha haina kasoro" isifasiriwe "mgonjwa hana ugonjwa". Mashine ya sumaku huuona uboho vizuri zaidi, lakini nayo haitaji aina ya chembe zilizouvamia. Kifua kikuu cha mifupa huweza kutoa sura iyo hiyo.

Jambo hili lina uzito katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta virusi vya UKIMWI kwa asilimia 11.3 ya watu wazima mkoani Iringa na asilimia 9.3 mkoani Mbeya. Na virusi hivyo huongeza hatari ya kifua kikuu na ya limfoma pia. Mkulima wa Mufindi au Rungwe mwenye maumivu ya paja yasiyokoma aweza kuwa na mojawapo, na dawa za ugonjwa mmoja haziponyi mwingine. Kinachoamua ni kipande cha tishu kilichochunguzwa kwa darubini.

Kwa sababu hiyo twapendekeza kitenzi "kuashiria" kitumike kwa picha, na "kuthibitisha" kiachiwe maabara. "Kuonyesha" kinapotosha: kwa msomaji wa kawaida, kilichoonyeshwa hakina ubishi tena.

"Saratani ya mfupa" nayo isitumiwe ovyo. Saratani iliyoanzia katika chembe za mfupa wenyewe kwa kawaida huhitaji upasuaji. Limfoma hutibiwa zaidi kwa dawa na mionzi. Mgonjwa asiyeelezwa tofauti hiyo huenda akadhani mguu wake utakatwa, asirudi hospitali.

Hata baada ya tiba kufaulu, mfupa huweza kubaki na sura ya ugonjwa kwa miezi mingi. Hapo mfasiri aandike "alama zilizobaki". "Ugonjwa uliobaki" ni kauli ya daktari baada ya vipimo vingine.