Tuzo Zangu za Vitabu, Kuanzia Abunuwasi hadi Nagona

Miezi ya karibuni nyumbani kwetu vimesomwa vitabu vingi vya Kiswahili, vya watoto, vya vijana na vya sisi watu wazima, nami nimeona nivigawie tuzo. Vingine ni vya zamani, lakini kitabu ni kipya kwa yeyote anayekifungua mara ya kwanza, na hata kwa aliyekisoma shuleni akihofia mtihani.

Cha kuchekesha kuliko vyote ni Hekaya za Abunuwasi. Nilikuwa namsomea mpwa wangu mdogo, bado yuko madarasa ya chini. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na kisufuria ndani, anasema imezaa, na jirani anapokea vyote viwili bila kuuliza. Mtoto akakunja uso: "Mjomba, sufuria haizai!" Nikamwambia asubiri. Tulipofika pale sufuria inapoazimwa tena na isirudi, kwa sababu eti imefariki, alicheka hadi akajiviringisha kitandani. Hukumu alikwishaielewa kabla sijaisoma: aliyekubali uzazi akubali na msiba. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 10 sijaona cha kukishinda, mradi kisomwe kwa sauti.

Kilichotuumiza kuliko vyote ni Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa kukosa ada na sare, mama anahangaika na chakula chake cha kuuza, baba ni mlevi, na watoto wanaishia kutafuta riziki jalalani. Mbogo hapambi umaskini wala hauhubirii. Mtoto wa miaka 12 anakiweza, ila mtu mzima awe karibu, maana maswali yatakuja, na mengine ni magumu kuyajibu.

Kwa kijana anayesema vitabu vinachosha, tuzo ya kumkamata kuanzia mwanzo inakwenda kwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, kila mtu ana lake la kusema, na mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anayapima maneno hayo moja moja. Raha yake imo katika mazungumzo kuliko katika mbio. Ukitaka bastola na ndege, mtafute jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba.

Kikongwe kuliko vyote, na ndicho kilichozua ubishi mkubwa, ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mwanamke wa Pate kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha tatu, aliusoma akaukataa: mbona mke ndiye wa kutii tu? Ana haki ya kukataa, na mimi pia sehemu hizo sizitetei. Nilimwomba tu arudi mwanzo, pale mama mgonjwa anapomwita mwanawe asogee na wino na karatasi ili amwachie usia. Alirudi, akasoma taratibu zaidi. Hakubadili msimamo, na sikutaka abadili.

Riwaya fupi kuliko zote ni Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990. Haifiki kurasa 100, nayo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Msafiri anapita katika mji wa ukimya, wanafikra wakubwa wa dunia wanatokea, na swali moja linazaa jingine. Usimpe mtoto wa sekondari hii kwanza. Mpe Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo. Nagona ni ya mtu aliyekwisha kuishi kidogo, na ni kazi ya ujasiri kuliko zote nilizotaja hapa.

Kilichochelewa kutufikia kuliko vyote ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, tumekipata mwaka 2022, baada ya Nobeli ya mwaka 2021. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na "Ami Aziz", ambaye kumbe si ami bali mfanyabiashara anayemdai baba yake. Hadithi ya pwani yetu na misafara ya bara ilizunguka dunia karibu miaka thelathini kabla ya kuja nyumbani. Hilo linanikera hadi leo, na sitaki litokee tena kwa vitabu vyake vingine.

Tuzo kuu, ya riwaya niliyoipenda kuliko zote, naipa Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Wengi tuliichambua darasani: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha. Safari hii niliisoma bila kalamu mkononi. Yasmin, msichana aliyeozwa kwa Raza, mzee wa kumzaa, anatoroka, ndugu wanamfungia mlango, Mwajuma anamfungulia. Huyo Mwajuma ndiye rafiki bora kuliko wote katika vitabu nilivyosoma. Hana kitu, lakini anagawa chumba, chakula na kicheko bila kudai shukrani. Shuleni tulimwita mhusika msaidizi tukaendelea na Denge na siasa zake za kupambana na Mwingereza. Sasa naona bila Mwajuma riwaya nzima inakosa pa kusimama. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ni nzuri, itazameni, lakini baada ya kitabu.

Basi nina ombi moja. Kama una nakala ya zamani ya shule, yenye mistari ya penseli na majibu pembeni, itoe kabatini uisome mwezi huu. Kama huna, nunua mpya dukani, ili mwandishi naye apate haki yake.