WAHEDI WA SITINI: KARATA ILIYORUDI NYUMBANI

Nyumbani kwetu, huku kusini penye mikorosho, karata haikuingia kwa miaka kumi na mmoja. Mama ndiye aliyeikataza, naye alikuwa na haki. Kaka yetu mkubwa alitumwa kuuza korosho, akapita chini ya mwembe walipokaa wacheza kamari, akarudi usiku na mifuko mitupu. Fedha zile zilikuwa ada ya shule ya mdogo wetu. Mama hakupiga kelele. Alitwaa jozi ya karata iliyokuwa juu ya sanduku, akaitia motoni.

Basi mwaka jana wanangu walipoleta karata kutoka dukani nilisita sana. Nikamwendea Baba Paroko. Alinifungulia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile iliyotolewa mwaka 1992, namba 2413, akanieleza kwamba mchezo wa karata wenyewe si dhambi. Ubaya huja pale mtu anapopoteza riziki yake na ya wale wanaomtegemea, au anapokuwa mtumwa wa kamari. Nikarudi nikawaambia watoto: chezeni, ila pasiwe na senti mezani, wala kokwa moja ya korosho. Na Rozari kwanza.

Mchezo tuliouchagua ni Wahedi wa Sitini, maana yake sitini na moja kwa Kiarabu. Lakini maneno yake mengi ni ya Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498 na kukaa miaka mingi. Wao ndio waliotuachia karata, kopa, uru, shupaza, pau na turufu, kama walivyotuachia meza na leso.

Toa kwanza nane, tisa na kumi zote, zibaki karata arobaini. Ree ni 11. Saba ni 10, jambo linalowashangaza wageni wote. Kisha wazungu: mwenye K ni mzungu wa nne, J mzungu wa tatu, Q mzungu wa pili, na hesabu yao ni kama majina yao. Sita mpaka mbili ni magarasa, hayana kitu. Kila aina ina 30, jumla 120. Kwa hiyo anayefikisha 61 amekwisha kushinda. (Binti yangu bado anauliza kwa nini malkia ashindwe na yule kijana wa J. Sijampa jibu.)

Sisi twacheza wanne, wawili wawili, wenzi wakitazamana. Mmoja huchanga, wa pili hukata, kisha kila mtu hupewa karata tatu. Inayofuata hufunuliwa na kuwekwa chini ya fungu: aina yake ndiyo turufu. Kila mmoja hutupa karata moja. Iliyo kubwa katika aina iliyoanza hula zote, ila kama pametupwa turufu. Hapo hata mbili ya turufu hula ree ya aina nyingine! Aliyekula huokota kwanza katika fungu, wengine wakafuata, naye ndiye aanzaye tena. Utamu wote umo katika kukumbuka. Saba ya turufu imekwisha kupita? Ree ya kopa ipo kwa nani? Mwanangu wa darasa la tatu, aliyekuwa akihesabu kwa vidole, sasa ajumlisha 11 na 10 na 4 kabla sijafumbua kinywa.

Mama alikaa mbali jioni nyingi, akichambua mchele wake, mgongo ametugeuzia. Usiku mmoja mjukuu alitupa saba ovyo, na sauti ikatoka kule kwenye ungo: "Wee! Saba yatupwa hivyo?" Kumbe alikuwa akizihesabu zote. Tukacheka mpaka machozi, naye akavuta kigoda.

Krismasi kaka alikuja. Alipoona karata mezani alisimama mlangoni kama mtu aliyefika kwenye nyumba isiyo yake, akasema atakwenda kulala. Sikujua la kumwambia. Mama ndiye aliyesema, bila kumtazama, "Keti hapa, mwanangu. Sina mwenzi."

Akaketi. Hakuna aliyetaja korosho. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka alipookota karata tatu za kwanza, na mara ya kwanza alitupa garasa palipotakiwa mzungu. Mama alimkemea kama alivyomkemea alipokuwa mtoto. Tulipomaliza fungu, wanangu walihesabu upande wetu, kaka akahesabu upande wao, akarudia tena polepole. Sitini kwa sitini. Hakuna aliyeshinda.

Mama akazikusanya karata zote, akampa yeye.

"Gawa tena," akasema.