Kugonga kwa Injini Iongezewayo Hewa: Neno, Sababu na Dawa

Neno gonga lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mgeni hugonga mlango, seremala hugonga msumari, na dereva mzembe hugonga mti. Katika gereji za Kakonko, Kibondo na Kasulu, kama katika sehemu nyingine za Tanzania, neno hilo latumiwa pia kwa mashine: "injini inagonga". Usemi huo wataja sauti tu, wala hautaji asili yake. Nayo asili si moja. Fundi asiyezipambanua asili hizo aweza kufungua injini nzima kwa kosa ambalo lingeondoka kwa kurekebisha taimingi, au kurekebisha taimingi huku beringi zikiendelea kulika.

Aina ya kwanza ni chuma kugonga chuma. Beringi za krenkishafti zikilika huacha nafasi, na pistoni isukumwapo husikika mshindo mzito. Aina ya pili ni moto kugonga chuma. Sauti yake ni kali na nyembamba, mfano wa changarawe zitikiswazo ndani ya debe, nayo huja hasa gari lipandapo mlima likiwa na mzigo.

Katika injini ya petroli, plagi hutoa cheche, na moto husambaa kuuendea upande wa pili wa silinda. Mchanganyiko wa hewa na petroli ambao haujafikiwa na moto hubanwa na ule uliokwisha kuwaka, nao huzidi kupata joto. Joto hilo likipita kiasi, mchanganyiko huo huwaka wenyewe, wote kwa mara moja, na mawimbi ya kanieneo hupiga kuta za silinda. Hiyo ndiyo sauti isikikayo. Ikiendelea, pistoni huyeyuka ukingoni au hutoboka, na hapo mafundi husema injini "imenoki". Yafaa kuangalia jinsi lugha ilivyogawa kazi: gonga limebaki kuwa jina la dalili, noki, ambalo katika Kiingereza lina maana ileile ya kugonga, limekuwa jina la kifo cha injini.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Huingiza hewa nyingi silindani ili petroli nyingi iungue na nguvu iongezeke. Lancia 037, gari lililoshika nafasi ya tatu katika Safari Rally ya Kenya mwaka 1986 likiendeshwa na Markku Alén, lilikuwa na pampu ya namna hiyo. Lakini hewa ikibanwa hupata joto, kama ajuavyo kila aliyeshika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Kwa hiyo mtu akifunga supachaja, au akibadili puli yake kwa ndogo zaidi ili izunguke upesi, ameongeza kanieneo na joto kwa pamoja, na taimingi iliyofaa jana haifai leo.

Katika nyanda za juu za Kigoma hatari hiyo hujificha. Penye kimo cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kadiri ya asilimia 87 ya ile ya pwani. Supachaja izidishayo kanieneo mara moja na nusu itafikisha kilopaskali 132 hivi huko juu. Dar es Salaam itafikisha 152. Injini iliyorekebishwa Kakonko ikawa kimya yaweza kugonga ikishuka pwani, ingawa hakuna aliyeigusa, na joto la huko huzidisha hatari.

Dawa hufuata sababu. Cheche hucheleweshwa kwa nyuzi chache, ili kilele cha kanieneo kije pistoni ikiwa imekwisha kushuka kidogo. Petroli huongezwa katika mchanganyiko, kwa kuwa igeukapo mvuke hupoza silinda. Hewa itokayo katika supachaja hupitishwa katika rejeta yake kabla ya kuingia. Plagi huwekwa za namna ipotezayo joto upesi. Kama hayo hayatoshi, puli kubwa hurudishwa. Jambo moja hubadilishwa kwa wakati mmoja, kisha plagi hufunguliwa na kutazamwa: vitone vya alumini juu ya kauri yake ni dalili kwamba pistoni imeanza kulika. Wala cheche isicheleweshwe mno, kwa kuwa nguvu hupotea na bomba la moshi hupata joto kupita kiasi.

Petroli yenyewe ina sehemu yake. Kipimo cha okteni huonyesha jinsi petroli inavyostahimili kubanwa bila kujiwakia. Tangu mwaka 1923 risasi ilitiwa katika petroli ili kuzuia kugonga. Kwa kuwa ni sumu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kwa hiyo fundi hutegemea zaidi taimingi na masikio yake.

Kwa mtunga kamusi, funzo ni hili: gonga peke yake halitoshi kuwa istilahi. "Kugonga kwa chuma" na "kugonga kwa moto" ni maneno ya Kiswahili kitupu, hueleweka bila kufundishwa, nayo hutenganisha kosa la beringi na kosa la taimingi. Istilahi ipambanuayo magonjwa mawili humwepusha mwenye gari na gharama ya kutibiwa lile asilokuwa nalo.