Maagizo Mema kwa Karani wa Kompyuta

Mwanachama mmoja ametuletea swali ambalo tunaona lawafaa wanachama wote, na kwa hivyo tumelipa nafasi kubwa katika toleo hili. Kijana wake yuko bara, katika mji wa Maganzo, ambako amefungua duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Siku hizi kijana huyo hutumia akili mnemba kumsaidia kuandika barua na mapatano ya wateja wake. Baba mtu anauliza: Je, karatasi iliyotungwa na mashine yafaa kutiwa dole gumba na mtu asiyejua kusoma? Na kama yafaa, mashine hiyo iambiwe nini hata itoe karatasi ya haki?

Swali hili halimhusu kijana wa Maganzo peke yake. Wenye mashamba miongoni mwetu huandikiana mapatano na wachumaji kila msimu, na wako wanaokodisha mikarafuu yao kabla ya mavuno. Vijana wetu wana simu zenye karani huyu ndani yake, na hapana shaka karatasi nyingi zitapita mkononi mwake. Bora tumjue mapema.

Maganzo na kazi yake

Kwa wale wasioufahamu mji huo, Maganzo uko katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, kwenye barabara iendayo Mwanza, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Dr. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, yaani gramu 10.9, akapewa Princess Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi yake. Ilipokatwa na kusuguliwa zilibaki karati 23.6 tu. Wanachama waikumbuke hesabu hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Kando ya mgodi mkubwa wako wachimbaji wadogo. Kwa sheria ya madini ya Tanzania, leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Mtanzania tu, na muda wake ni miaka 7. Lakini mara nyingi mwenye leseni siye mwenye fedha, na mwenye fedha siye mwenye kushika sururu. Watu wa namna tatu hukutana katika shimo moja na kugawana kinachopatikana. Wakiandikiana vizuri hula pamoja. Wakiandikiana vibaya huishia kwa mwenyekiti wa mtaa, au polisi. Ndiyo maana mtu hufika dukani kwa kijana wetu na kusema, "Niandikie mkataba."

Karani huyu ni nani?

Programu hizi zilienea kwa watu wa kawaida tangu tarehe 30 Novemba 2022, ilipotolewa ile iitwayo ChatGPT, na baadaye zikafuata nyingine nyingi. Watu wa Kenya huiita elimu hii akili unde, na sisi Tanzania tumezoea kusema akili mnemba. Imefunzwa kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, ikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiiuliza jambo, hutunga jibu linaloelekea kufaa. Haikujui wewe, haijui shimo lako, wala haijui desturi ya mtaani kwako, ila umeiambia.

Yafaa kuifikiria kama karani mpya aliyesoma sana, mwepesi wa kalamu, mwenye adabu, lakini hajapata kukanyaga Maganzo wala Wete. Karani wa namna hiyo ukimpa maagizo ya neno moja, atajaza yaliyobaki kwa kubahatisha. Tena maandishi aliyosomeshwa mengi yake ni ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni machache, na ya Kisukuma ni machache zaidi. Basi akibahatisha, hubahatisha mambo ya Ulaya na Marekani.

Maagizo mabaya na maagizo mema

Tuchukue mfano. Karani akiambiwa tu, "Niandikie mkataba wa wachimbaji," ataleta karatasi ndefu ya kupendeza. Huenda ikasema mwajiri na mwajiriwa, ilhali hawa hawana mshahara. Wao ni watu wa kugawana. Na huenda ikasema, "Wachimbaji watapata asilimia 30 ya mapato." Hapo pana mtego. Mapato gani? Kabla ya kutoa gharama au baada yake?

Tufanye hesabu. Tuseme almasi imeuzwa kwa shilingi 10,000,000. Serikali huchukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, jumla shilingi 700,000. Tuseme mafuta, chakula na kukodi mashine ni shilingi 6,300,000. Inabaki faida ya shilingi 3,000,000. Asilimia 30 ya mauzo ni shilingi 3,000,000, bali asilimia 30 ya faida ni shilingi 900,000. Neno moja limetenga shilingi 2,100,000, na wenye kuzipoteza ni wale waliotia dole gumba bila ya kusoma.

Sasa tazama maagizo haya mengine:

"Mimi nina duka la kuchapa barua Maganzo, Mkoa wa Shinyanga, Tanzania. Niandikie rasimu ya mapatano kati ya mwenye leseni ya uchimbaji mdogo, mfadhili anayetoa mafuta na chakula, na wachimbaji 8. Madini ni almasi. Hawa si waajiriwa, wanagawana. Fedha ya mauzo itatolewa kwanza tozo za Serikali, kisha gharama za mfadhili zilizoandikwa katika daftari na kukubaliwa na pande zote. Kitakachobaki: mwenye leseni 30 kwa mia, mfadhili 30, wachimbaji 40, nao watagawana sawasawa. Tumia Kiswahili chepesi na sentensi fupi, kwa kuwa itasomwa kwa sauti mbele ya wasiojua kusoma. Isizidi ukurasa mmoja. Usitaje kifungu chochote cha sheria. Mahali usipokuwa na khabari, acha nafasi tupu na uniulize."

Maagizo haya yamechukua dakika tano kuyaandika, lakini ndani yake mna mambo sita ambayo kila mwenye kuagiza yampasa kuyakumbuka. Kwanza, aseme yeye ni nani na yuko wapi. Pili, ataje kazi yenyewe kwa jina lake: rasimu, barua, orodha au hesabu. Tatu, atoe khabari zote zenye kuhusika, khasa namba. Nne, aseme nani atakayesoma. Tano, aweke mipaka ya urefu na ya yale yasiyotakiwa. Sita, ampe karani ruhusa ya kuuliza. Hili la sita watu wengi hulisahau, nalo ndilo lenye kuzuia kubahatisha.

Maneno yenye sura mbili

Liko jambo jingine ambalo mzungumza Kiswahili yampasa kulitazama zaidi kuliko mwingine. Maneno yetu kadhaa yana maana mbili, na karani huenda akachukua ile usiyoikusudia.

Karati ni mfano wa huko huko. Katika almasi karati ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2. Katika dhahabu ya Geita karati ni usafi, na dhahabu safi ni karati 24. Ukiandika "karati 18" bila ya kutaja madini, umemwacha karani njia panda.

Saa nayo ni hivyo hivyo. Sisi tukisema saa 2 asubuhi, mashine yaweza kufahamu usiku wa manane uliopita. Andika: "saa 2 asubuhi kwa saa ya Kiswahili, yaani 08:00."

Vipimo vya mtaani ni hatari vile vile. Kiroba cha mchanga wa almasi kina kilo ngapi? Pishi yako ya karafuu ni ya ukubwa gani, na imejazwa sawa au kwa kilemba? Pima mwenyewe, kisha mwambie karani kwa kilo. Na kila ukitaja karafuu sema ni mbichi au kavu, maana kilo tatu za mbichi hutoa kiasi cha kilo moja ya kavu. Mapatano yaliyosahau neno hilo moja yamekosea mara tatu.

Jibu la kwanza ni jiwe ghafi

Ile almasi ya waridi ilipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kabla ya kuvaliwa. Jibu la karani nalo lichukuliwe vivyo hivyo. Likija, lisome, kisha agiza tena: "Punguza aya ya tatu." "Neno hili halisemwi kwetu, tumia jingine." Na liko agizo moja ambalo tunaliona bora kuliko yote: "Soma mapatano haya kwa jicho la mchimbaji asiyejua kusoma, unionyeshe ni wapi anaweza kudhulumiwa." Kisha uliza hivyo hivyo kwa upande wa mfadhili na wa mwenye leseni. Karani hana ndugu katika shimo lile, na akiulizwa hivyo huweza kuonyesha matundu ambayo macho ya mwenye haraka hayakuyaona.

Mambo matatu ya kujihadhari

Mashine hii husema uongo bila ya kujua kuwa ni uongo. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walipeleka mahakamani maandishi yenye kesi za zamani walizopewa na ChatGPT, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. Kesi zile hazikuwako duniani. Jaji aliwatoza, pamoja na ofisi yao, faini ya dola 5,000. Basi sheria, bei na viwango viulizwe kwa wenyewe. Mrabaha wa almasi ulikuwa asilimia 5 mpaka mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yalipoupandisha kuwa 6. Karani aliyesoma kitabu cha zamani atakupa kiwango cha zamani. Bei ya karafuu nayo iulizwe katika vituo vya ZSTC.

Siri za watu zisitiwe mle. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa Tanzania mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hivyo katika maagizo andika "Mtu wa Kwanza" na "Mtu wa Pili". Majina, namba za vitambulisho na za simu yajazwe kwa mkono karatasi ikishatoka.

La mwisho, karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kutiwa saini, na kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe atapata nini. Akishindwa kueleza, karatasi hairidhishi hata ikiwa nzuri namna gani, na hapana budi irudi kuandikwa upya.

Jibu letu kwa mwanachama, basi, ni hili. Karatasi iliyotungwa na mashine yafaa iwe rasimu, ikiwa kijana ameagiza kwa ukamilifu, amesahihisha, na ameisoma mbele ya wenyewe. Lakini mteja analipa duka, halipi mashine. Mapatano yakivunjika, anayegongewa mlango ni kijana, na kwa sababu hiyo kila neno lililomo ni lazima awe amelielewa yeye mwenyewe kwanza.