Saa tatu ya Bofu na kompyuta

Hapa Bofu, Likoni, natengeneza programu za biashara ndogondogo. Moja ni ya mtia hina: wateja, wengine wa ng'ambo wanaovuka na feri, hujaza kwa simu jina, tarehe na saa. Kazi iko kwenye saa. Huyu ataandika "3:00", yule "9.00", mwingine "saa tatu unusu".

Kompyuta haijui saa, inaona tarakimu na alama tu. Ili ikatae mambo kama 27:80, tunaipa rejeksi, yaani maelezo mafupi ya namna maandishi yanavyotakiwa kukaa. Hesabu zake zilianza na Mmarekani Stephen Kleene katika miaka ya 1950. Mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha njia ya kuzitumia kutafuta maneno kwa kompyuta. Rejeksi ya mtindo wa saa 24 ni hii:

^([01][0-9]|2[0-3]):[0-5][0-9]$

Isome polepole. Mabano ya mraba yanataka tarakimu moja kati ya zilizotajwa, na kile kijiti cha wima ni "au". Saa ikianza na 0 au 1, inayofuata ni yoyote. Ikianza na 2, isizidi 3. Dakika haziwezi kuanza na 6. Mwenye haraka huandika [0-2][0-9], na 29:00 ikapita. Ukiacha ^ ya mwanzo na $ ya mwisho, hata 123:456 itakubaliwa, maana ndani yake mna 23:45.

Sasa bi harusi aandike 03:00. Rejeksi imeridhika, lakini yeye anahesabu tangu macheo au machweo: anataka 09:00, au 21:00 ikiwa ni usiku. Kompyuta itamwekea saa tisa usiku, watu wamelala. Hapo hakuna rejeksi itakayosaidia, kwa sababu umbo la maandishi halina kosa.

Kwa hiyo fomu yangu humtaka mteja achague kwanza: asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni huongezwa 6, tangu saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi huongezwa 18. Saa 8 usiku inakuwa 26. Toa 24, ni 02:00, na tarehe imeshageuka. Kisha mteja huonyeshwa: "Jumamosi, saa 3 asubuhi, yaani 09:00. Ni sawa?"

Wenzangu mnaoandika programu za huku kwetu, msiishie kwenye rejeksi. Mwulizeni mteja ni saa tatu ipi.